Mto wa madirisha: kukunja amerikani na kuvisha vipande vya kitenge

Pale ninaposhonea kuna mto mmoja umekaa kwenye kiti cha wateja. Ni wa amerikani, na juu yake kuna vipande 24 vya vitenge, kila kipande kimezungukwa na ukingo uliopinda kama jani la ua. Mteja akifika, kabla hajasema kilichomleta, ataugeuza aone nyuma umeshonwaje. Halafu maswali yanaanza, na ni yale yale: umetumia cherehani gani? Ndani ya mikunjo umetia sponji? Hayo matao umeyakataje hadi yakalingana?

Hakuna cherehani ya ajabu, hakuna sponji, na hakuna tao hata moja lililokatwa. Kila kitu hapo kimekatwa mraba. Kazi yote ni ya mikunjo miwili, pasi na sindano ya mkono. Wazungu huuita mtindo huu dirisha la kanisa kuu, kwa sababu ya vile vioo vya rangi. Mimi nasema madirisha, na wateja wangu wananielewa. Hautiwi sufi wala pamba katikati kama mfarishi wa kawaida. Tabaka za kitambaa chenyewe ndizo zinazoupa unene, ndiyo maana unafaa hata kwetu kwenye joto.

Nitaeleza mto wa sentimita 48 kwa 48. Usianze na shuka la kitanda. Nitakwambia kwa nini huko mbele.

Weka hivi mezani kwanza

- Amerikani: mita 1 na robo kama jora lina upana wa sentimita 150, au mita 1 na robo tatu kama lina upana wa sentimita 90.
- Vipande 24 vya vitenge au khanga, kila kimoja kisipungue sentimita 10 kwa 10. Kwa fundi yeyote kuna gunia la mabaki; omba.
- Kitenge cha mgongo wa mto, sentimita 60 kutoka kwenye jora.
- Uzi wa pamba wa rangi ya amerikani, sindano nyembamba, pini, na tondoo ya kuvaa kidoleni. Bila tondoo kidole chako kitakuwa kimetobokatoboka kabla ya dirisha la tano.
- Rula ndefu, penseli iliyochongwa vizuri, mkasi wa nguo, na kadibodi ngumu.
- Pasi, na meza ya kupigia iliyo ngumu. Godoro halifai.
- Mto wa ndani wa sentimita 50 kwa 50. Wa sufi unakaa vizuri zaidi.

Kuhusu amerikani: hakikisha ni pamba tupu. Siku hizi unaambiwa ni pamba, ukifika nyumbani unakuta imechanganywa na nailoni au polista, na kitambaa hicho hakishiki mkunjo; ukikipiga pasi kinakutazama tu. Chomoa uzi mmoja kwenye ukingo, uuchome. Uzi wa pamba unanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu linalosagika. Ukiyeyuka na kuacha kitone kigumu, rudisha dukani. (Jina lenyewe ni la zamani. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakileta majora ya pamba isiyopaushwa Zanzibar tangu miaka ya 1830, kitambaa kikabaki na jina la walikotoka.) Ukikosa amerikani, tumia bafta nzito. Bafta nyepesi haifai, maana rangi ya kitambaa cha chini itaonekana.

Fua kabla ya kukata

Hapa ndipo mimi nilipoumia. Mto wangu wa kwanza nilishona kwa siku tisa, na katikati niliweka kitenge chekundu kilichotoka dukani moja kwa moja. Nilipoufua mara ya kwanza, amerikani yote iliyozunguka wekundu ule ikageuka rangi ya juisi ya ukwaju. Mteja aliyekuwa ameuagiza alikuja jioni ile ile.

Loweka amerikani kwenye maji ya moto, ifue, ianike, uipige pasi ingali na unyevu kidogo. Itarudi, na wanga wa kiwandani utatoka. Vitenge vifue kimoja kimoja. Kisha chukua kila kipande kikiwa kimelowa, kiweke juu ya kitambaa cheupe, upige pasi ya moto. Kikiacha rangi, kifue tena ujaribu tena; kikiendelea kuacha, kitafutie kazi nyingine. Kuloweka kwenye chumvi au siki hakutakusaidia hapa.

Hatua

1. Kata kiolezo. Chora kwenye kadibodi mraba wa sentimita 25 kwa 25. Usiamini jicho. Pima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Kila upande utoe sentimita 35 na milimita 3 au 4. Vipimo viwili vikitofautiana, huo si mraba, ni mraba uliolala kidogo, na ulalo huo utaurithisha kwa vipande vyote 16.

2. Kata miraba 16 ya amerikani. Ondoa kwanza ukingo wa jora. Kisha toa tundu dogo kwa mkasi na uchane kitambaa kwa mkono ili upate mstari unaofuata uzi. Anzia kiolezo kwenye mstari huo. Chora kwa penseli, kata juu ya mstari. Ukitaka kukunja kitambaa ili ukate minne kwa mpigo, najua umechoka, lakini tabaka za chini zitateleza. Kata mmoja mmoja, au miwili ukizidiwa.

3. Piga pasi pindo la nusu sentimita pande zote nne. Kunja kuelekea upande wa ndani, pasi, bila kushona. Ili usipime kila mara, kata ukanda wa kadibodi, uuchoree mstari wa nusu sentimita, ukunjie kitambaa juu yake. Ukimaliza, mraba wako una sentimita 24 kwa 24. Upime. Ukipata 23 na nusu, fungua urudie sasa hivi, maana kosa la hapa hufuata hadi mwisho wa kazi.

4. Tafuta kitovu. Kunja mraba kona kwa kona, bana kidogo kwa kidole katikati tu, fungua, kunja kona nyingine, bana. Alama mbili zinapokutana ndipo kitovu. Kitie nukta ya penseli upande wa ndani, ule wenye pindo.

5. Mkunjo wa kwanza. Pindo likikutazama, lete kona zote nne kwenye kitovu. Nenda na zile zinazotazamana: ya juu na ya chini, halafu ya kulia na ya kushoto. Ncha zigusane bila kupandana. Pasi. Inua pasi na kuiweka. Usiisukume kama unanyoosha suruali, kwa sababu mikunjo hii imelala mshazari na inavutika. Sasa una mraba wa sentimita 17.

6. Mkunjo wa pili. Usigeuze kitambaa. Upande ule ule, lete tena kona nne mpya kwenye kitovu, pasi. Umepata mraba wa sentimita 12, wenye mgongo laini na uso wenye pembetatu nne. Pembetatu hizo tuziite masikio. Wengi wakifika hapa hugeuza kitambaa kabla ya mkunjo wa pili, wakidhani ni kama ile karatasi ya mchezo wa watoto. Ukigeuza, utapata umbo zuri, ila si hili.

7. Funga kitovu. Chukua uzi mara mbili, pitisha sindano kutoka mgongoni hadi usoni, shika ncha ya kila sikio kwa msalaba mdogo, rudi mgongoni, funga. Ivute hadi ncha nne zibusiane. Kukibaki nafasi ya punje ya mtama, si neno. Kukibaki nafasi ya punje ya mahindi, fumua.

8. Rudia hadi miraba 16 iishe. Ipange moja juu ya nyingine kama chapati. Kama kuna mmoja uliochomoza au kurudi ndani zaidi ya milimita 2, usiuunge. Ni rahisi kukunja mwingine kuliko kuulazimisha.

9. Unga miraba. Weka miwili mgongo kwa mgongo, nyuso zitazame nje. Anzia konani, shona kingo mbili pamoja kwa mishono midogo ya kuzungusha, karibukaribu, ukishika nyuzi chache tu za kila upande. Fungua. Mishono itaonekana usoni, na ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu dirisha litakaa juu yake. Ukiunga uso kwa uso, mishono itahamia mgongoni mahali ambapo hakuna cha kuifunika. Unga minne minne kuwa safu, kisha safu nne ziwe kitu kimoja. Pale kona nne zinapokutana, ongeza mishono miwili mitatu ya kukaza.

Mwenye cherehani asiye na subira anaweza kuunga kwa mashine: kabla ya hatua ya 7, fungua masikio mawili yanayokutana, weka miraba mgongo kwa mgongo, pitisha cherehani juu kabisa ya mstari wa mkunjo, kisha rudisha masikio na ufunge vitovu. Ni haraka, lakini ukikengeuka milimita moja kwenye kila mstari, safu zako hazitakutana. Mimi naunga kwa mkono.

10. Kata madirisha. Tazama pale miraba miwili ilipoungana: masikio mawili yametengeneza almasi yenye upande wa sentimita 8 na nusu. Kipande cha kitenge kinachoingia hapo ni cha sentimita 8 kwa 8, kidogo kuliko nafasi yenyewe. Kata kiolezo kipya. Ukitaka ua la kitenge lisimame katikati, kumbuka kipande kitakaa kwa kona, si kwa ubavu. Zungusha kiolezo juu ya ua kabla ya kuchora. Ninaye mteja aliyeleta khanga ya marehemu bibi yake. Tulikata maneno ya jina la khanga herufi kwa herufi tukayatawanya kwenye madirisha. Hakuna mgeni anayeweza kuyasoma. Wenyewe wanayajua.

11. Panga rangi kabla ya kushona. Mto mzima una nafasi 24. Tandaza vipande vyote, piga picha kwa simu, uitoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Vipande viwili vya rangi nzito vikiwa jirani utaviona mara moja. Bana kila kipande kwa pini moja katikati.

12. Shona dirisha. Hii ndiyo hatua tamu, nenda taratibu. Ukingo wa sikio unaopakana na kitenge umekunjwa mshazari, kwa hiyo unakubali kupinda. Ushike katikati, uviringishe juu ya ukingo wa kitenge kiasi cha milimita 6 hivi, ubane kwa pini. Kuelekea kwenye ncha mbili, mviringisho upungue wenyewe hadi uishe. Tao limejifanya. Shona kwa mishono ya kuficha: sindano ishike ukingo wa mkunjo tu, izame kwenye kitenge na tabaka la amerikani lililo chini yake, isitokee mgongoni. Ukifika milimita 5 kutoka kwenye ncha, unganisha kingo mbili zinazokutana kwa mishono miwili ya kukaza, tumbukiza sindano, ihamie upande wa pili. Zunguka pande zote nne. Dirisha langu la kwanza lilikula karibu nusu saa, na lako likichukua hivyo hujachelewa.

13. Nusu za pembeni. Pande za nje zimebaki na masikio 16 yasiyo na mwenzake. Waweza kuyaacha jinsi yalivyo. Mimi huviringisha kingo zake juu ya amerikani yenyewe na kuzishona, ili matao yaendelee hadi mwisho hata kama hakuna rangi.

14. Mgongo wa mto. Kata vipande viwili vya kitenge, sentimita 50 kwa 32. Kila kimoja, upande mmoja mrefu upige pindo la sentimita 2 na ulishone; pande tatu zilizobaki zikunje sentimita 1 kwa pasi. Vipandishe kwa sentimita 10 katikati, utapata sentimita 48 kwa 48 na mlango wa kuingizia mto. Shona kingo za mgongo na za uso kwa mkono. Hakuna haja ya kugeuza chochote nje ndani, kwani kingo za madirisha tayari zimekunjwa.

Konani unaweza kuongeza pembetatu ndogo za kitenge kilichokunjwa mara mbili. Wasidi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, huweka vipande vilivyokunjwa hivyo kwenye kona za matandiko yao ya viraka wanayoyaita *kawandi*, na vipande vyenyewe wanaviita *phula*, yaani maua. Kwao tandiko lisilo na maua konani ni kama liko uchi. Tangu nijue hivyo, mito yangu haiondoki bila hayo.

Mahali pa kuangalia sana

Umeme ukikatika na ukashika pasi ya mkaa, ujue amerikani haisamehi. Chembe moja ya majivu inaacha doa la kijivu ambalo ukilipangusa linaenea. Pasi ipepee mbali na kazi, ijaribu kwanza kwenye kitambaa kingine, na weka kitambaa chembamba chenye unyevu juu ya kazi yako. Majivu yakidondoka, yapulize. Usiyaguse kwa kidole.

Usitumie uzi wa kitenge kwenye matao. Uzi ufanane na amerikani, kwa kuwa ndiyo inayoshonwa juu.

Na hilo la shuka la kitanda. Mraba wa sentimita 25 unakupa sentimita 12 tu, yaani karibu robo tatu ya kitambaa inaishia kwenye mikunjo. Shuka la sentimita 120 kwa 180 linataka miraba 150 na madirisha 275. Hiyo ni zaidi ya mita 7 za jora la upana wa sentimita 150, na uzito wake si mchezo. Nimeshona moja maishani. Kikazi sijuti, kibiashara nilipata hasara.

Mambo yakienda kombo

*Kitovu kina tundu, ncha hazifikiani.* Nukta yako haikuwa katikati, au pindo la hatua ya 3 lilizidi upande mmoja. Fumua, nyunyiza maji, piga pasi mikunjo yote ifutike, uanze upya. Tundu dogo sana kwenye mraba mmoja unaweza kulifunika kwa kifundo cha uzi au ushanga, lakini ukishatia mmoja itabidi utie yote.

*Kitenge kimevimba ndani ya dirisha.* Kipande ni kikubwa. Kitoe, punguza milimita 2 kila upande. Usijaribu kukishindilia.

*Ukingo mbichi wa kitenge unachungulia.* Kama ni katikati ya tao, viringisha zaidi, hadi milimita 8. Kama ni karibu na ncha, kipande hakikukatwa mraba, au kimeteleza kwa sababu ulianza kuvuta uzi kikiwa na ile pini moja ya katikati tu, bila kubana ukingo kama hatua ya 12. Kwa vitambaa vinavyoteleza piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda) pande zote nne kwanza.

*Tao limekunjamana.* Umevuta uzi kupita kiasi. Kata mshono mmoja kila baada ya mitatu, uone kama linapumua. Lisipopumua, fumua upande huo tu.

*Kona nne zinapokutana pana shimo linaloonekana mgongoni.* Rudi na sindano, pita kwenye kona zote nne kwa duara, vuta kama mdomo wa kifuko, funga.

*Sindano inakwama au kuvunjika.* Unajaribu kupita tabaka zote kwa mara moja. Dirisha linataka tabaka la juu tu. Kwenye kufunga kitovu, ambako lazima upite zote, paka sindano sabuni ya mche iliyokauka.

*Mto umekaa mzima mzima lakini mraba umepinda upande mmoja.* Lowesha kwa maji, utandaze juu ya taulo, uvute hadi kipimo kirudi, uubane kwa pini hadi ukauke. Ukitofautiana kwa zaidi ya sentimita 1, mgongo wa kitenge ndio utakaousaidia kunyooka: kata mgongo kwa kipimo sahihi na uulazimishe uso ufuate.

Kufua: maji baridi, kwa mkono, bila kukamua kwa kusokota. Uanike kivulini ukiwa umelala, na mto wa sufi utoke kwanza, maana sufi ikilowa inashikana mabonge. Nikikukuta umeutupa kwenye mashine pamoja na suruali za jinzi, usiniletee nikushonee upya.